Mkeka wa nyuzi za nazi kwenye ukingo wa kijito: nyota 4, ya 5 wameipoteza kwenye pini

Niseme mapema kabla hujatoa hela, hii kitu ni nzuri ila haizuii ukingo kuporomoka, inazuia udongo wa juu usisombwe mpaka mimea ishike, na hizo ni kazi mbili tofauti kabisa. Kama mteremko wako una nyufa huko juu na udongo unashuka pande zima, shida iko ndani, maji yamejaa kwenye udongo, we tafuta mtu ajuae kutoa hayo maji na kujenga gabioni, vile vikapu vya waya vya kujaza mawe, mkeka utafukiwa tu bure.

Mi nilichukua ule mzito wa kusokotwa, gramu 700 kwa mita ya mraba, manake wa gramu 400 ni wa miteremko ya kawaida, sio pa kupigwa na mkondo. Kuna wanaosema juti, zile nyuzi za magunia, ni rahisi, sawa, ila juti mwaka mmoja hivi au miwili imeshaoza, hii ya nazi inaweza kwenda miaka 3 na zaidi, na huo muda unaitosha vetiva, yale majani ya kushika udongo, ishushe mizizi yake mita 2 au 3. Matundu nayo yanatosha kupitisha mche bila kukata nyuzi, hapo nawapongeza.

Kuulaza sasa, ndo kwenye kazi yenyewe. Sawazisha udongo, toa mawe na visiki, ukiacha uning'inie hata kidogo maji yanapita chini yake yanafukua taratibu na wewe huku juu unaona kila kitu fresh. Juu kabisa uzike kwenye mtaro wa sentimita 15 hadi 30, na vipande vinapopishana, cha upande maji yanakotoka ndo kilale juu ya mwenzake, ukigeuza mkondo unaufunua wote. Pale chini maji yanapogusa ukingo weka mawe makubwa, usiutegemee mkeka, kingo nyingi zinaanza kuliwa hapo chini ndo juu panadondoka.

Pini zao sasa, aisee. Fupi mno, kwenye udongo wa kichanga unazing'oa kwa vidole viwili, nikaishia kuchonga vigingi vya mti vya nusu mita. Na ukishakata roli pembeni panafumuka, kunja kabla hujapigilia. Maelekezo yao eti miche uipande baadae, mi nimepanda siku hiyohiyo na imeshika vizuri tu.

Nitanunua tena, roli peke yake, pini wabaki nazo.