Pampu ya usukani inayovuja: huduma niliyopata Gerezani

Pampu ya usukani ya Toyota Mark II yangu ilikuwa ikiacha doa jekundu la oili sakafuni kila asubuhi, nami nilifika gereji moja ya Gerezani, Dar es Salaam, nikiwa tayari kununua pampu ya mtumba. Fundi aliiosha kwanza pampu yangu, akawasha injini, kisha akanionyesha kwa tochi kwamba oili ilitokea kwenye sili ya shafti (kizibo kinachozuia oili isivuje kando ya mhimili unaozungusha pampu), wala si kwenye mpira unaopitisha oili. Alipoifungua alinitaka nipitishe ukucha juu ya shafti: ilikuwa laini, hivyo sili mpya zilitosha; lakini kama shafti ingekuwa imechimbika, sili yoyote ingevuja tena na pampu nzima ingebidi ibadilishwe. Uaminifu huo nauthamini sana. Miezi minne sasa, sakafu ni kavu.