Vifaa nilivyojitengenezea kwa injini ya Beetle na giaboksi ya Escort: kipi kimefaa, kipi nimekitupa

Kifaa ambacho siwezi kumwazima mtu ni kipande cha shafti ya chuma kinachoenea kiganjani. Kilizaliwa usiku nilipokuwa nafunga giaboksi ya Ford Escort ya zamani. Mle ndani, rundo la gia za chini huzunguka juu ya rola nyembamba kama sindano. Ukichomoa shafti yake, rola zote zinamwagika kama mtama. Nilizibandika kwa grisi mara nne, mara nne zikanianguka. Ya tano nikaenda kulala.

Kesho yake nikakata shafti bandia: nyembamba kuliko ile halisi kwa unywele tu, na fupi kiasi cha kukaa kati ya kuta mbili za boksi bila kugusa. Sasa rola nazipanga mezani, rundo nalilaza ndani ya boksi, chini kabisa, shafti kuu inaingia kwa nafasi, kisha nalinyanyua na kusukuma shafti halisi. Ile bandia inatokea upande wa pili na hakuna rola inayotikisika. Piga msasa ncha zote mbili, maana kingo kali inakwaruza rola. Nyota tano, na ningekuwa na ya sita ningeiongeza.

Cha pili ni kizuia flaiwili (gurudumu zito linalozunguka na injini) cha Volkswagen Beetle: chuma pembe chenye matundu mawili, kinafungwa kwenye matundu ya bolti za klachi, mkia wake unakita sakafuni. Nati ya katikati ni ya milimita 36 na inakazwa kwa Nm 343 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Hesabu yake ni rahisi: mtu wa kilo 70 akisimama kwenye bomba lililochomekwa kwenye mpini wa spana na kulala sawa, nusu mita kutoka katikati ya nati, amefika. Mimi nina kilo zaidi, kwa hiyo nasogea ndani kidogo. (Mke wangu alinikuta nimesimama juu ya bomba nikipiga hesabu, akarudi ndani bila kuuliza.) Chuma changu cha kwanza kilikuwa chembamba, kikapinda. Hiki cha sasa ni kinene na hakijanisumbua. Nyota nne tu, kwa sababu kina uzito wa dhambi.

Plagi kuukuu niliyoitoa kauri na kuchomelea bolti yenye ncha ya mviringo nayo inafaa sana. Unaifunga kwenye silinda ya kwanza, unazungusha injini polepole kwa mkono mpaka pistoni iguse, unaweka alama kwenye puli. Unazungusha kinyume mpaka iguse tena, alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo pistoni inapofika juu kabisa. Ila ukiisahau humo halafu ukapiga stata, utanunua pistoni.

Beringi chakavu nazo sizitupi. Duara la nje nikilisaga kwa grenda likapwaya kidogo, linakuwa cha kugongea beringi mpya bila kuiumiza.

Sasa aibu yangu. Nilikata kopo la bati, nikalizungushia klempu ya mpira wa maji, nikasema hiki ndicho kibana ringi, yaani cha kuminya ringi za pistoni ili ziingie kwenye silinda. Kwenye Beetle silinda ndiyo inayosukumwa kuifuata pistoni, kwa hiyo kibana lazima kiweze kufunguka na kutoka kikiwa kimezunguka pistoni. Changu kiliingia vizuri, kutoka kikagoma. Ringi ya mafuta ikachungulia chini ya bati, nami kwa ubishi nikagonga silinda kwa mpini wa nyundo. Nilisikia "tik" ndogo. Nikavua silinda, nikaitoa ringi ikiwa vipande viwili, nikaagiza seti nyingine na kibana cha kiwandani pamoja.

Lile kopo sasa linahifadhi zile rola za Escort.