Mafunzo ya mbinu za utafiti kwa wanafunzi wa uhandisi, Kisumu: yanafaa ada yake?

Mwanafunzi wa uhandisi nchini Kenya husoma miaka mitano, na katika mwaka wa mwisho hutakiwa kubuni mradi, kuupima, kuuandikia ripoti na kuutetea mbele ya wahadhiri. Somo la mbinu za utafiti huwa limo kwenye ratiba, lakini mara nyingi hufundishwa kama orodha ya istilahi za kukariri. Pengo hilo ndilo linalolengwa na mafunzo ya Jumamosi yanayotolewa na kituo kimoja cha binafsi hapa mjini Kisumu, ambayo niliyahudhuria pamoja na wanafunzi wengine, baadhi yao wakipanda matatu alfajiri kutoka Kakamega.

Sehemu inayohusu swali la utafiti na mpangilio wa majaribio inastahili ada yote peke yake. Mkufunzi hakuanza na fasili. Alichukua mradi ambao wanafunzi wengi wa uhandisi wa ujenzi wameuona au wameufanya: kupunguza saruji kwenye konkriti kwa kutia majivu ya maganda ya mpunga, maganda ambayo hayakosekani Ahero. Majivu hayo, yakichomwa inavyofaa, yana silika nyingi inayoungana na chokaa inayotokea saruji inapoganda, kwa hivyo wazo lenyewe lina msingi. Hata hivyo, “kuchunguza athari za majivu kwenye konkriti” ni kazi isiyo na mwisho, ilhali kuuliza kama kutia majivu mahali pa asilimia 10 ya saruji kunapunguza nguvu ya konkriti iliyofikisha siku 28 ni swali linalojibika, na jibu lake laweza kuwa lile usilolitaka.

Kisha akatuonyesha jedwali la matokeo lisilo na jina la mwenyewe. Kila kiwango cha majivu kilikuwa na michemraba mitatu ya konkriti ya milimita 150, ile inayovunjwa kwa mashine ili kupima nguvu, na wastani mmoja ulikuwa umeandikwa megapaskali (kipimo cha nguvu hiyo) 27.438. Sehemu kubwa ya asubuhi iliishia kwenye nambari hiyo. Ikiwa michemraba ya kundi moja inatofautiana kwa zaidi ya megapaskali moja, desimali tatu zinamfaa nani? Hoja iliyofuata ilikuwa nzito zaidi: michemraba yote mitatu ilimiminwa kutoka mchanganyiko mmoja, hivyo tofauti zake zinaeleza ushindiliaji na mashine ya kupimia, wala hazisemi itakuwaje mtu akichanganya upya kesho, kwa mchanga wenye unyevu mwingine. Anayetaka kudai kwamba majivu ndiyo yaliyobadilisha nguvu hana budi kurudia mchanganyiko wenyewe, tena apige kura ya upi utangulie, ili konkriti isiyo na majivu isije ikamiminwa yote siku ya mvua na yenye majivu yote siku ya jua. Sijapata kuona jambo hili likifafanuliwa kwa uwazi kiasi hicho, na nililiona likiwaumiza waliokuwa wamekwisha kuvunja michemraba yao.

Upande wa uandishi nao ni mzuri, ingawa umebanwa. Mpangilio wa utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala ulipitiwa upesi, jambo lisilo na ubaya, kwa kuwa kila mtu anaujua. Faida ilikuwa katika kusahihishiana sentensi, hasa zile zinazodai kupita kilichopimwa, na katika kuchora upya grafu ya nguzo ambayo mhimili wake wa wima ulianzia 24 badala ya sufuri, hata tofauti ndogo ikaonekana mlima.

Mambo yaliharibika kwenye programu za kompyuta. LaTeX, programu ya kupanga maandishi aliyoibuni Leslie Lamport miaka ya 1980 juu ya TeX, programu ya awali ya Donald Knuth, ni chombo bora kwa ripoti yenye milinganyo mingi, lakini kuipakua kikamilifu ni gigabaiti kadhaa, na waandaaji walitutaka tufanye hivyo palepale kwa intaneti ya ukumbini iliyokuwa ikikatika. Alasiri nzima ikapotea. Zotero, isiyo na malipo, ambayo ingemsaidia kila mmoja kupanga marejeleo yake kwa nambari za mtindo wa IEEE, taasisi ya wahandisi wa umeme na elektroniki, ilipewa dakika chache za jioni watu wakitazama saa.

Pia sikuridhika na namna suala la idhini lilivyorukwa. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inamtaka anayefanya utafiti nchini awe na leseni ya NACOSTI, yaani Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, na mwanafunzi anayepanga kuwahoji wakazi kuhusu maji au umeme angepaswa kuelezwa aanzie ofisi gani chuoni kwake. Wala hatukupata zoezi hata moja la kumweleza matokeo mtu asiye mhandisi, kwa mfano mwenye kiwanda kidogo cha matofali ambaye ndiye angeyanunua hayo majivu.

Mafunzo haya yanamfaa aliye mwaka wa nne au anayeandika pendekezo la mradi sasa. Mwenye data tayari atasaidika kwenye uandishi tu. Atakayejiandikisha apakue programu nyumbani mapema, abebe jedwali lake mwenyewe, na afike na kompyuta yenye chaji, maana soketi za ukumbini ni chache na viti vilivyo karibu nazo hujaa kabla ya saa mbili.