Lenzi ya mkono ya 10x kwa uyoga wa magogo: inatosha, ya 20x achana nayo

Wale mnaozunguka misituni kukagua uyoga unaoozesha miti, nunueni hii ya 10x, yaani inayokuza mara kumi, ya kukunja yenye taa kabla hamjawaza hata kamera. Ya kwangu imepigwa mvua na matope mpaka basi na bado haijalegea wala kioo hakijaingia ukungu.

Kwa nini lenzi? Kwa sababu juu huu uyoga unafanana mno, cha kuangalia kiko chini: vitundu, vimeno au vibapa, na vitundu vingapi kwenye milimita moja. Chukua uyoga uitwao Fomitopsis rosea, Finland na Sweden wanaihesabu kama dalili ya msitu mkongwe wa misprusi (miti ya nchi za baridi yenye majani kama sindano) maana inataka magogo makubwa yaliyolala na mengine yaendelee kuanguka miaka na miaka, mkiyaondoa yote nayo inapotea. Ikizeeka juu inakuwa nyeusi nyeusi tu, inama sasa uone chini ilivyo ya waridi. Nduguye Fomitopsis pinicola iko kila mahali hadi kwenye visiki vya msitu uliovunwa, kwa hiyo ukiikuta haikwambii kitu kuhusu ukongwe.

Lenzi inajilipa zaidi kwa ile isiyo na kofia kabisa, imejibandika kwenye gogo kama rangi iliyomwagika. Mfano Phlebia centrifuga, nayo ni ya misitu mikongwe, kwa 10x unaona mikunjo na ukingo wenye nyuzi zinazotawanyika, tena bila kubandua kitu, na kubandua uyoga adimu ili ujue jina lake mimi siafiki hata kidogo.

Kasoro ipo. Taa ina ubluu ubluu inaharibu rangi, izime ukitaka kujua waridi ni waridi kweli. Ya 20x nayo eneo la kuona ni dogo, mkono ukitikisika kidogo tu umepoteza. Na mbegu za uyoga usitegemee kuziona, hiyo ni kazi ya hadubini.

Halafu msikute aina moja mkakimbilia kuandika msitu ni mkongwe, tafuteni kadhaa kwa pamoja mpime na unene wa magogo. Usipouona pia usiseme haupo, nyuzi zake zinaweza kuwa ndani ya mbao na hazijachipua bado.

Ah, na ifungeni kamba ya rangi kali, ikidondoka kwenye majani makavu mtaitafuta hadi giza.