Fiskars X27 kwa kuni za Njombe: linafaa kwa muwati, lakini si kwa kila mlingoti

Baridi ya Njombe na Makete kati ya Juni na Agosti haina mzaha. Nyumba yenye jiko la chuma na dohani inakula kuni kila jioni, na lazima ziwe zimechanjwa na kukauka. Ndiyo maana watu wanauliza sana kuhusu Fiskars X27, hili shoka lenye mpini mweusi na rangi ya machungwa. Ukichoma muwati (wattle) au msindano (paini), linunue. Kama uwanja wako umejaa milingoti (mikaratusi) mitupu, anza na kabari mbili za chuma na nyundo ya kilo 4, shoka lifuate baadaye.

X27 ni shoka la kuchanjia, si la kuangushia mti. Lina urefu wa sentimita 91 hivi na uzito wote wa takriban kilo 2.6. Makali ni membamba, kisha mashavu yanapanuka haraka kama kabari, kwa hiyo linapoingia linasukuma gogo pande mbili papo hapo. Shoka la kawaida la dukani lina mashavu bapa. Linazama, linabanwa, na muda mwingi unaishia kwenye kulitikisa litoke.

Mpini wake ni wa plastiki ngumu yenye nyuzi za kioo, nao umeungwa na kichwa moja kwa moja kiwandani. Kichwa hakilegei wakati wa kiangazi, na hulilazi shoka kwenye ndoo ya maji ili mpini uvimbe. Lakini mpini huo ukivunjika, hakuna fundi wa kukuchongea mwingine, na shoka la kienyeji linapata mpini mpya siku hiyo hiyo kwa hela ndogo. Kwa sababu hiyo hiyo, kisogo chake kisigeuzwe nyundo ya kupigia kabari, wala kisipigwe na nyundo shoka likikwama. Kichwa hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. Hapa ndipo mashoka mengi ya aina hii yanapoharibikia, hasa yakiazimwa.

Kwenye muwati linafanya kazi nzuri mno. Njombe ina muwati mwingi tangu enzi za kampuni ya TANWAT, iliyoanzishwa 1949 kwa ajili ya magome yanayotoa tanini ya kutengenezea ngozi, na gogo lililokwisha kumenywa magome ni zawadi kwa mchanja kuni: nyuzi zake zimenyooka na hukauka haraka. Gogo bichi la unene wa sentimita 25 hupasuka kwa pigo moja au mawili, likaacha nyuso mbili safi, nyeupe pembeni na za rangi ya waridi iliyofifia katikati. Msindano nao hupasuka vizuri isipokuwa kwenye mafundo, kwa kuwa matawi yake hutoka mviringo mmoja kuzunguka shina. Kata magogo kwa msumeno ukilenga fundo liangukie mwisho wa kipande, si katikati.

Mlingoti ni habari nyingine. Nyuzi zake mara nyingi zimesokotana, tabaka moja linaelekea kulia na linalofuata kushoto. Shoka linaingia sentimita chache, linaruka au linabanwa. Usipige katikati. Menya pembeni: vipande bapa vya unene wa sentimita 7 au 8, ukizunguka gogo kidogo kidogo kuelekea kwenye kiini. Tena uchanje ungali mbichi, ndani ya siku chache baada ya kukatwa. Mlingoti uliokauka ukiwa gogo zima huwa mgumu kama jiwe, na hapo X27 ni jepesi mno, hata mikononi mwa mtu mwenye nguvu. Kabari na nyundo ndiyo dawa. Anayesema shoka hili linachanja kila kitu bila shaka hajakutana na shina la mlingoti la karibu na mizizi.

Urefu wa mpini pia una lake. Sentimita 91 zinamfaa mtu mrefu. Mwenye kimo cha chini ya sentimita 170 hivi atafanya kazi kwa raha zaidi na X25, yenye mpini mfupi. Lakini mpini ukiwa mfupi, pigo likikosa linaelekea kwenye ugoko badala ya ardhini. Gogo la kuchanjia liwe la kimo cha sentimita 30 hadi 40, na kipande kiwekwe ukingo wa mbali, ili shoka likipitiliza lizame kwenye gogo. Tairi kuukuu la gari ndogo likipigiliwa misumari juu ya gogo hilo linaokoa mgongo: vipande vinabaki vimesimama ndani yake na unaendelea kupasua bila kuinama. Kabla ya kupiga, soma nyufa zinazotoka kwenye kiini, ufuate ule mrefu zaidi, mbali na fundo.

Makali yanatunzwa kwa tupa bapa laini, misuguo michache kila upande baada ya siku ya kazi. Usilipeleke kwenye mashine ya kunolea inayozunguka kavu. Chuma kikigeuka buluu kwenye ncha, ugumu wake umekwisha na makali yatakunjika. Jiwe nalo ni adui, kwa hiyo usichanje juu ya ardhi tupu.

Bei yake inazidi ya shoka la kienyeji mara kadhaa, na wengi hulipata kwa kuagiza. Kwa anayechanja mzigo wa kirikuu kimoja (gari dogo la mizigo) kwa mwaka, sioni sababu ya kuingia gharama hiyo. Kwa nyumba inayochoma kuni kila jioni miezi mitatu, linarudisha hela kwa nguvu unazookoa.

Bado hakuna shoka litakalokusaidia ukichoma kuni mbichi. Mvua za nyanda hizi huisha karibu na Mei na kurudi Novemba. Muwati uliokatwa na kuchanjwa Mei hupata miezi ya upepo mkavu, na mpango salama ni kuuchoma Juni ya mwaka unaofuata. Mlingoti usiupe chini ya mwaka mzima. Vipande viwe vya unene wa sentimita 8 hadi 12, vifupi kuliko tumbo la jiko kwa sentimita 5. Vipange juu ya mbao au mawe, sentimita 10 au 15 kutoka ardhini, na ufunike juu tu. Turubai likishuka hadi chini unyevu unafungiwa ndani na ukungu unaota wiki hiyo hiyo.

Kuna kipimo ninachokiamini kuliko vyote, nacho ni mzani wa ndoano. Chukua vipande vitatu vibichi, viandike uzito kwa kalamu ya rangi, vipime kila wiki mbili. Kipande cha kilo 4 ambacho nusu yake ni maji kina kilo 2 za mti mkavu; kikifika kilo 2.5, maji yamebaki asilimia 20 ya uzito, na hapo kinafaa kuingia jikoni. Ukitumia kile kipimo cha umeme chenye pini mbili, kipasue kwanza kipande na uchome pini kwenye uso mpya, katikati, kufuata nyuzi. Vingi vya vipimo hivyo huhesabu maji dhidi ya mti mkavu, kwa hiyo kipande hicho hicho kitasoma 25. Watu wengi huchoma pini kwenye ncha ya nje iliyokauka, wakafurahia 15, kisha wanashangaa kwa nini kioo cha jiko ni cheusi na dohani imejaa lami ya moshi. Lami hiyo ikishika moto, dohani nzima inawaka.

Kuhusu usafiri, chanja huko huko shambani. Mita moja ya ujazo ya mlingoti mbichi uliopangwa inaweza kufika kilo 700, na kirikuu kimeundwa kubeba kilo 350. Kuni zilizochanjwa na kuachwa upeponi miezi miwili zinapunguza safari, na springi za gari zinapona. Hati ya kusafirishia mazao ya misitu ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) iwe mkononi kabla ya kupakia.