Tuisheni ya Jinai Sinza: nimeenda wiki sita, haya ndo niliyoyaona

Wadau mnaosoma sheria mwaka wa kwanza hapa Dar, naandika hii maana najua kuna watu muda huu wanateseka na Jinai kama nilivyoteseka mimi. Testi ya kwanza nilipata 11 kati ya 30, na desa lote nilikuwa nimelikariri, vifungu natiririka navyo tu. Chuoni kwetu tumejazana ukumbi mmoja, mwalimu anasoma slaidi mpaka kipindi kinaisha, ukiuliza swali unaambiwa utakutana nalo semina. Rafiki yangu akanitonya kuna tuisheni ya jioni Sinza, elfu tano kwa kipindi cha masaa mawili, nikajitosa.

Siku ya kwanza ticha hakufungua kitabu. Alichukua kiti cha plastiki, mguu mmoja wa kiti ukatua kwenye ncha ya kiatu cha jamaa wa mbele, akauliza, nimefanya kosa? Tukasema hapana, bahati mbaya hiyo. Akakaa. Jamaa akamwambia mwalimu nitolee kiti, ticha akawa anamwangalia tu, hatoi. Akauliza tena, na sasa hivi je? Darasa zima likawaka. Mi nilishikilia hakuna kosa, kwa sababu kiti kilipotua hakuwa na nia, na nia ilipokuja hakufanya kitendo chochote, kakaa tu. Ticha akasema hiyo ndo hoja ya mshtakiwa kwenye kesi ya Fagan kule Uingereza, gari juu ya mguu wa polisi, na mahakama iliikataa: kitendo kilikuwa bado kinaendelea, nia ikaja ikakikuta palepale. Actus reus (kitendo cha kosa) na mens rea (nia ya kosa) zikakutana. Aisee, hiyo kesi nimeisoma kwenye desa mara ngapi sijui, sikuwahi kuiona.

Na anafundisha kwa Kiswahili halafu anakuonyesha jinsi ya kuiandika kwa Kiingereza, maana pepa linakuja kwa Kiingereza ingawa tangu 2021 Kiswahili ndo lugha ya sheria na mahakama. Kuna siku alituuliza, mtu katoka msikitini kavaa kandambili za mwenzie akidhani zake, ni mwizi? Wote tukakimbilia kifungu cha 11 cha Kanuni ya Adhabu, sheria yetu ya makosa ya jinai, kinachomlinda mtu aliyefanya kitu akiamini kimakosa hali ilivyo. Ticha akasema sawa, ila hapo imani yake lazima iwe ya dhati na iwe na sababu ya msingi, sasa zake zilikuwa nyeusi mpya na alizovaa ni nyekundu zimeisha kisigino, utamteteaje? Ndo akatupeleka kifungu cha 9, makosa ya mali, kwamba alichukua akiamini kwa dhati ni haki yake bila nia ya kulaghai. Kwenye pepa mi ningeandika cha 11 nikaondoka. Kifungu cha 200 nacho kakichambua vizuri, kwamba nia ovu kwenye kesi ya mauaji sio lazima uwe umekusudia kuua, hata ukikusudia kumuumiza mtu vibaya sana akafa inakupata.

Sa mabaya. Kipindi cha saa 12 kinaanza saa 1 kasoro, kila siku, na sisi tunaorudi Mbagala tunaumia sana usiku, hilo nimemwambia mara mbili. Desa lao la elfu nne fotokopi imefifia, afu limejaa kesi za Uingereza. Naelewa Kanuni yetu ya 1945 asili yake ni ya wakoloni, imetokana na ile ya Queensland kule Australia, lakini Mahakama ya Rufani yetu ina maamuzi mengi juu ya nia ovu, na hayo ndo mahakama za hapa lazima ziyafuate, yangewekwa mbele.

Testi ya pili nimepata 21. Jumatano ijayo anafundisha kujihami, kifungu cha 18 mpaka 18C, someni kabla, na mfike mapema mpate kiti cha mbele maana nyuma sauti haifiki vizuri.