Pedi mpya tu, au na diski zichongwe?

Breki zikilia ukiteremka kutoka Marangu kuja Moshi mjini, fundi atakupa njia mbili. Kubadili pedi peke yake, yaani vipande vinavyobana diski (sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu), ni nafuu, na unatoka gereji mapema. Lakini kwanza pitisha ukucha juu ya diski: ukikwama kwenye mifereji, pedi mpya zitagusa vilima tu na kelele itarudi. Yangu ilirudi baada ya wiki mbili, nikalipa ufundi mara ya pili!

Kuchonga diski, yaani kusawazisha uso wake kwa mashine, kunaongeza gharama na kusubiri, ila pedi inalala vizuri. Mimi nachonga, mradi unene usishuke chini ya milimita zilizogongwa kwenye diski yenyewe. Ikishuka, nunua mpya. Diski ni laini na usukani hautetemeki? Badili pedi tu.